Kakakuona Aliyetoa Mbio Zake

Kiangazi kilipokausha kila kitu, kakakuona wawili, Siwema na Mwanakheri, walikitamani kichuguu kimoja chini ya kilima. Kilijaa mchwa tele, ila ukuta wake ulikuwa mgumu na kucha zao zilishindwa.

Siwema akapanda mpaka katikati ya kilima, akajikunja kama mpira ili aviringike akakipasue kichuguu. Lakini alipotaka kujiachia mteremkoni akaogopa. Akabaki palepale, amejikunja.

Mwanakheri alikuwa juu kileleni, akimwonea wivu. "Siwema, Siwema! Kila siku yeye! Kwani magamba yangu mimi ni ya karatasi? Leo nitamgonga mpaka asahau njia ya kurudi."

"Mwache, bibi wee," akasema Kenge, aliyekuwa akiota jua. "Teremkeni taratibu, mkachimbe pamoja."

"Nigawane na yule? Labda nife!"

Akajikunja, akajiachia. Kilima kikamvuta, mbio zikazidi, akamvaa Siwema, paa!

Mwanakheri akasimama tuli, kama aliyepigiliwa msumari. Siwema ndiye aliyeondoka na mbio zote. Akaviringika hadi chini, akakigonga kichuguu kikapasuka, mchwa wakamwagika mbele yake.

"Kenge," akauliza Mwanakheri, kizunguzungu kimemshika, "mbio zangu zimekwenda wapi?"

"Umempa yule unayemchukia."

Kutoka chini ikapanda sauti ya mwenye mdomo uliojaa: "Ahsante, dada! Bila wewe ningelala njaa!"

Magamba ya Mwanakheri yalikuwa mazima. Kilichomuuma ni ile ahsante.