Chuo cha Mwalimu Mhanga

Enzi wanyama walipokuwa na vyuo vyao, Mhanga, mchimbaji hodari, alifungua chuo cha uchimbaji. Alipenda usafi kupita kiasi, hivyo wanafunzi wake walikariri kila kitu darasani na hakuna aliyegusa udongo. Wote walifaulu, na Mhanga akatembea kifua mbele.

Masika moja, shimo lake liliporomoka akiwa ndani. Miguu yake ya mbele ilibanwa, na hewa ikaanza kupungua. Akapiga kelele. Aliyemsikia ni Nguchiro, aliyeongoza darasa mwaka ule.

"Afadhali umefika, mwanangu," Mhanga akasema. "Nitoe!"

"Udongo wenye maji huchimbwa kwa mshazari, kuanzia juu," Nguchiro akajibu haraka.

"Vizuri sana. Sasa chimba!"

Nguchiro akazitazama kucha zake safi. Kisha akasema kwa unyonge, "Mwalimu, mimi sijawahi kuchimba."

Mle gizani, Mhanga alishikwa na aibu zaidi kuliko hofu. Akatuliza sauti. "Zamisha kucha. Unahisi nini?"

"Udongo unateleza. Umeniangukia!"

"Si neno. Sogea kando kidogo, ujaribu tena."

Nguchiro akakosea, akarudia, akakosea tena, mpaka mwanga ukapenya na Mhanga akavutwa nje, matope hadi masikioni.

Tangu hapo masomo yakahamia kwenye udongo. Asubuhi ya kwanza, Mhanga alimkuta Nguchiro ameketi katikati ya wanafunzi wapya.

"Wewe si umeshahitimu?"

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu Nguchiro. "Sasa nimekuja kusoma."