Mguu wa Zumaridi

Msimu wa mbio ulipokaribia, farasi walivuliwa viatu vizito vya mazoezi na kuvalishwa vyepesi vya mashindano. Kabla fundi hajagonga msumari, Bwana Karama, mkufunzi wao, alipapasa kila mguu akitafuta joto. Mguu wenye joto una jeraha ndani, na farasi mwenye jeraha hakulishwa bure. Alipelekwa kwa mchinjaji.

Tausi alikuwa ameshika hatamu za Zumaridi, farasi jike aliyemlea tangu azaliwe. Viatu vya zamani vilikwisha kung'olewa. Vipya vilisubiri juu ya gunia.

"Bibi harusi wako anavalishwa, Tausi," fundi alimtania, "na wewe hata kigelegele huna?"

Karama aliinama. Miguu mitatu aliipita upesi. Kwenye wa nne mkono wake ulisimama, ukapanda, ukashuka tena.

"Huu hauna joto," alisema.

"Hauna kabisa, bwana," Tausi alidakia.

"Mingine ina joto la mwili. Huu ni baridi kama mtungi. Umeukanda kwa barafu tangu lini?"

Fundi alikunja gunia, viatu vikiwa ndani.

"Mtoe, binti yangu," Karama alisema kwa sauti ya chini.

Uani kulikuwa na sakafu ya mawe, na farasi yeyote aliyepita hapo alisikika hadi barabarani. Zumaridi alipita peku, bila kishindo. Mmoja mmoja, farasi wengine walitoa vichwa nje ya vibanda vyao, masikio yamesimama.