Taa ya Kituo cha Nne

Taa ya kituo cha nne iliwaka nyekundu, na msimamizi hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe, king'ora kikanyamaza.

Ukutani mbele yake kulikuwa na taa kumi, moja kwa kila mtu anayelinda pampu za maji peke yake huko milimani. Kila mmoja alivaa kifaa kiunoni. Akitembea, taa yake huwa ya kijani. Akitulia dakika kumi, kifaa hutetemeka, na asipojitikisa, taa hugeuka nyekundu na king'ora hulia ofisini. Hapo gari hutoka bila maswali. Kanuni hiyo aliiandika msimamizi mwenyewe na kuipigia muhuri.

Lakini kituo cha nne kilikuwa cha Babu Kigoda. Mara mbili mwezi ule gari lilipanda mlima mbio likamkuta mzee amesinzia kwenye kigoda chake, mdomo wazi. Dereva aliisimulia habari hiyo kantini huku akiigiza mkoromo, watu wakashika mbavu. Msimamizi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaapa kwamba hatachekwa mara ya tatu.

Siku ileile alimpigia mzee simu, hata shikamoo hakumpa. Alimwambia ajifunze kwa jirani yake wa kituo cha tano, mwanamume waliyembandika jina la Injini, ambaye taa yake haikuwahi kugeuka nyekundu tangu aajiriwe.

"Yule anafanya kazi, mzee. Wewe unafanya nini?"

Mzee alijibu, "Nimekuelewa, mwanangu."

Sasa king'ora kililia mara ya pili, saa tano kasoro robo. Akakizima. Mara ya tatu kilimkuta anapiga chapa barua ya kumsimamisha mzee kazi, akakizima kwa kiwiko. Pembeni, taa ya Injini ilikuwa ya kijani kama kawaida yake. Angalau mmoja ana haya, alijisemea.

Saa sita alipanda gari na bahasha yake. Barua ile alitaka kuitoa mkono kwa mkono, ana kwa ana. Njiani dereva aliigiza tena ule mkoromo, na safari hii msimamizi alicheka naye.

Kigoda kilikuwa mlangoni, na juu yake simu ya mzee. Chini palikuwa na kikombe cha chai kilichojaa, chai imepoa hadi ikafanya utando. Kando ya bomba linaloelekea kituo cha tano walikuta kandambili moja, na mbele kidogo ya pili, zimeachwa kama na mtu aliyekuwa anakimbia. Msimamizi alilifuata bomba mbio.

Waliwakuta kwenye shimo la valvu, koki kuu ya bomba. Injini alikuwa chali, amepauka, paja limechanwa na chuma, anapumua kwa shida. Babu Kigoda alikuwa amepiga magoti kando yake, amelibana jeraha kwa mikono yote miwili, damu imemkaukia hadi viwikoni. Dereva alirukia shimoni na sanduku la huduma ya kwanza.

Msimamizi alitazama kiuno cha Injini. Hapakuwa na kifaa.

Nyuma yake mbwa wa kituo cha tano alikuja mbio, akamzunguka, akapotelea vichakani, akarudi tena akitikisa mkia. Hakutulia hata kidogo. Shingoni mwake, kwenye mkanda, kilining'inia kifaa, na kitaa chake kilikuwa cha kijani.

Msimamizi aliificha bahasha mgongoni. Uso ulimwaka kwa aibu mpaka masikioni.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee hakuondoa mikono mpaka dereva alipokaza bandeji. "Nilisikia yowe lake nikaja. Nikaona nikimwachia nikapige simu, damu yote itaisha. Basi nikajikaza nisitikisike, kifaa kikatetemeka mara tatu. Nilijua taa yangu ikiwaka, utakuja."