Msumari wa Ukumbini

"Nimesema majani yako yasirudi hapa! Ukumbi ni wetu sote, shoga, si ghala lako!" jirani alifoka, mikono kiunoni, wapangaji wamejazana milangoni kutazama.

Muuza dawa za majani aliuburura mfuko wa nailoni kutoka uani. Wiki iliyopita alimsikiliza jirani huyo, akichelea maneno ya watu: akaitungua mifuko yake ya kitambaa kutoka kivulini ukumbini, akayashindilia majani kwenye mfuko huo wa nailoni, akauweka uani juani. Sasa aliufungua mbele yao wote.

Joto lilimrukia usoni. Majani yalikuwa yameshikana kama tambara lililosahauliwa ndooni, yameota ukungu mweupe.

"Si uchanganye na makavu?" jirani alinong'ona, sauti imempungua. "Nani atajua?"

"Tumbo la mgonjwa litajua."

Akaumwaga mfuko mzima jaani. Akaingia chumbani, akatoka na nyundo na mfuko wa kitambaa wenye majani mapya. Alipanda kigoda, akagongomea msumari palepale ukumbini, kwa nguvu hadi chokaa ikamwagika, akautundika mfuko.

"Atakayeutungua huu anitungue na mimi."

 Akashuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia jirani.

"Haya, mwenzangu, ugomvi haushibishi. Ingia tule."