Asali ya Chambo

Akiwa juu ya ngazi, mtafiti alichomeka njiti ya kiberiti kwenye sega ndani ya pango la mti. Alipoivuta, buu la nyuki lilifuata kama kamasi, uzi wa kahawia mrefu kama kidole, unanuka uozo.

Ugonjwa huu wa kuozesha mabuu ni wa mizinga ya kufugia. Nyuki wa mwituni wa hifadhi hii hawakuwahi kuujua. Na haukuja kwa miguu yake. Kila asubuhi yeye mwenyewe alimimina asali ya mizinga ya baba yake kwenye kisahani, awavute nyuki, kisha awafuate hadi mitini kwao.

"Vipi huko, mwanangu?" aliuliza baba, ameshikilia ngazi. "Huku chini nyuki wamejaa kisahanini, wanagombania asali! Nimewaongezea."