Sauti Iliyobaki Kazini

Sheria ilikuwa hiyo: kiongozi wa timu ya programu za kompyuta akistaafu, sauti yake hubaki kazini, ndani ya mashine inayosema na kujibu kama yeye. Ya Nakijwa ilibaki ikiongoza timu mia tatu zinazowafanyia kazi wateja wa ng'ambo, na bintiye Eliaichi alikuwa katika mojawapo.

Nakijwa aliikumbuka mno timu yake ya kwanza pale Moshi, watu saba na meza moja ya miguu iliyolegea. Kila asubuhi, kabla ya kuuliza kazi imefika wapi, alimuuliza kila mmoja ameamkaje na amekunywa chai na nini. Mteja alinung'unika kwamba muda wake unapotea. Anung'unike! Mwenye njaa ataandika programu gani?

Jioni Eliaichi alirudi macho yamemvimba. Mama akampakulia makande.

"Mwanangu, umelia?"

"Yameshaisha, mama."

"Yapi hayo? Niambie."

Eliaichi alimtazama kwa mshangao.

"Si nimekueleza yote asubuhi, kule kazini? Ukanibembeleza mpaka nikanyamaza."

Nakijwa aliketi polepole. Aliona haya kuuliza alimbembeleza kwa maneno gani.