Sindano Zimesema

Wiki ya kumi na mbili ya matibabu, sindano za kupimia zilisema Bi Mashavu amepona. Mwenyewe alisema hajapona, lakini kwa sheria ya siku hizi mgonjwa haulizwi, zinaulizwa sindano.

"Ganzi ya dawa za saratani imekwisha," daktari alimwambia, akizichomoa vidoleni moja moja. "Neva zinaitika vizuri."

"Zinakuitikia wewe. Mimi zimeninunia."

Daktari akacheka kama anayebembeleza mtoto. Papo hapo jiko la nyumbani kwa Bi Mashavu, lililofungwa kwa amri ya hospitali tangu vidole vyake vife ganzi, likafunguliwa kutoka mbali.

Alirudi akisonya njia nzima. Vijichuma visivyowahi kukanda hata unga, ndivyo vimsemee vidole vyake! Akasukuma chapati, akawasha jiko. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chuma cha kuchomea, kwa mazoea ya miaka arobaini, kupima kama kimeshika moto.

Bado baridi. Akaviacha vidole pale, akaendelea kumtukana daktari.

"Mama!" binti yake, Zamda, aliita kutoka sebuleni. "Chapati inaungua!"

Bi Mashavu akasonya tena. Watu na pua zao!

"Itaungua vipi, na wala sijaiweka?"